Yai la Sabato, Ghorofa ya Tano Xiaobei

Sisi tuliokulia Xiaobei, kule Guangzhou, China, nasi tumefika umri wa kusema "enzi zetu", mtake msitake. Najua wazee wa Kariakoo watacheka: mtoto wa juzi tu huyu, kazaliwa simu za mkononi zipo, naye ana enzi? Ninazo! Enzi zetu ni zile ambazo mtaa wa Dengfeng haukuwa na pa kukanyaga, furushi linakupita juu ya kichwa, Mkongo anagombana kwa Kifaransa na mbadilisha fedha, na Mama Salha wa Unguja anakuita kutoka dirisha la ghorofa ya tano kwa jina lako na la baba yako, mpaka Mchina muuza juisi ya miwa kule chini anajua kwamba hujafanya kazi ya shule.

Nyinyi wenzangu wa ngazi zile mnakumbuka michezo yetu. Tulijificha ndani ya mifuko ya shangazi kaja, ile mikubwa ya mistari, mtu anafungiwa zipu mpaka anaanza kulia. Tulijipima kwenye mizani ya kago tukaandikiana bei mgongoni. Mpira wetu tuliufanya kwa mabaki ya selotepu, unazungusha na kuzungusha mpaka unakuwa mzito, ukikupiga mguuni unachechemea mpaka kesho. Siku hizi mtoto ananunuliwa mpira wa kweli, anaupiga picha, anaurudisha kwenye boksi. Ukimwambia toka nje ukacheze, anakuuliza nje wapi.

Na harufu je? Asubuhi ngazi zilinuka chapati za Mama Salha, mchana zilinuka plastiki mpya na viatu vipya, jioni vitunguu saumu vya Wachina wa ghorofa ya chini. Baba yetu, Mzee Yakobo, alikuwa anafunga mizigo ya viatu kutoka masoko ya Liuhua, na Mama alikuwa anashuka soko la Shisanhang kabla ya jua kupanda kununua magauni. Alirudi na sauti imemkauka kwa kubishana na malaoban, maana kule kila muuzaji ni laoban, yaani bosi, hata kama ana meza moja na feni mbovu. Nyumbani tulizungumza Kiswahili cha Arusha, ngazini Kiswahili cha Unguja, na shuleni Kichina. Ukituomba kitu tusichotaka kutoa, lugha zote tatu ziliishia kwenye neno moja: meiyou, hakuna.

Sasa, kitu kilichotutofautisha na wenzetu ni dini. Sisi ni Wayahudi. Babu wa baba yangu alitoka Yemen, akafungua duka Arusha, akaoa, akabaki. Huko nyumbani majirani hawakujua watuweke wapi. Tunasali Jumamosi, basi ni Wasabato. Hatuli nguruwe, basi ni Waislamu waliopotea njia ya msikiti. Xiaobei nako ilikuwa vile vile, ila Mama Salha hakujisumbua kutafuta jina. Alisema, "Hawa hawali kitimoto na wanaogopa Mungu, yatosha."

Mama yetu hakuzaliwa humo. Yeye ni Mchagga, mtoto wa mwinjilisti, akaifuata dini ya Baba kabla ya kuolewa, akasoma, akajaribiwa, akakubaliwa na wote waliopaswa kumkubali isipokuwa mmoja. Huyo mmoja alikuwa Bibi, mama yake Baba. Bibi alimwita "mke wa Yakobo", hakuwahi kumwita kwa jina wala kumwita mwanangu. Na tangu Mama aolewe, Bibi hakuwahi kula chakula cha mkono wake. Akija kututembelea kule Arusha, alikuja na sufuria yake imefungwa kwenye kanga, anapika mwenyewe pembeni, anakula mwenyewe pembeni. Hakutukana mtu. Kwake, mwanamke ambaye hakunyonya sheria za jikoni pamoja na maziwa ya mama yake hawezi kuzijua, basi.

Ndipo ukafika ule mwaka Bibi aliposema anakuja Guangzhou kuona wajukuu, na atakuwa nasi Sikukuu ya Vibanda.

Wasioijua sikukuu hii niwaeleze kidogo. Tunajenga kibanda chini ya mbingu wazi, paa lake la majani, tunakula humo kukumbuka wazee wetu walivyoishi jangwani. Arusha unajenga uani. Xiaobei uani ni wapi? Tulijenga juu ya paa la ghorofa, katikati ya matangi ya maji na nguo za watu zilizoanikwa. Nguzo zilikuwa mianzi ya mafundi ujenzi, paa majani ya mianzi ambayo Baba na kaka yangu Daudi walikwenda kuyatafuta nje ya mji, na kuta zilikuwa turubai la kufungia mizigo, limeandikwa kwa rangi nyeusi, herufi kubwa: DAR ES SALAAM. Basi ukiketi ndani unakula, unasoma Dar es Salaam kinyumenyume.

Sikukuu yetu huanza mwezi ukiwa mpevu, na mwaka ule iliangukia siku zile zile Wachina wanapoutazama mwezi na kula keki zake. Mwenye nyumba wetu, bibi mmoja wa Kikantoni, alipotuona tunapamba kibanda alifurahi mno, akadhani na sisi tunausherehekea mwezi. Akatuletea sanduku la keki. Zina mafuta ya nguruwe zile. Mama akashukuru kwa mikono miwili, akampelekea Mama Salha, Mama Salha akasema, "We, unanitakia nini?" na sanduku likashuka ngazi hadi kwa Wakongo wa ghorofa ya tatu, ambao walimbariki kila mtu.

Lakini mwaka ule sikukuu ilikuwa na jambo jingine. Siku zake mbili za kwanza ziliangukia Alhamisi na Ijumaa, na Ijumaa jua likizama tu inaingia Sabato. Hapo ndipo penye kazi. Siku ya sikukuu unaruhusiwa kupika chakula cha siku hiyo, moto usiwashe mpya bali utumie ulioachwa unawaka, lakini huruhusiwi kupika cha kesho. Na Sabato yenyewe hupiki kabisa. Sasa chakula cha Sabato kitapikwa lini? Wazee wetu waliweka njia. Kabla sikukuu haijaingia, unachemsha yai, unaoka mkate, unaviweka kando kwa ajili ya Sabato. Hapo umeshaanza kupika cha Sabato mapema, na Ijumaa utakuwa unamalizia tu kazi uliyoianza. Lina jina refu la Kiebrania jambo hili. Sisi nyumbani tuliliita yai la Sabato. Sharti lake ni moja: yai likae mpaka chakula cha Sabato kianze kupikwa. Likiliwa kabla, sufuria zinalala.

Jumatano ile Mama aliliweka yai mwenyewe, maana Baba alikuwa bado juu ya paa anagombana na turubai. Akalitia katika kikombe cha chai cha Kichina, kile kisicho na mkono, akakiweka rafuni, mkate pembeni umefunikwa kitambaa. Akasema maneno ambayo Baba alimfundisha kwa Kiswahili ili ayaelewe: kwa hili na turuhusiwe kuoka na kupika na kuwasha taa kwa ajili ya Sabato, sisi na wote wakaao mji huu.

"Wote?" nikamuuliza. "Hata laoban wako wa Shisanhang?"

"Wayahudi wote wa mji huu," alisema. "Mtu anaweza kusahau. Mtu anaweza kupotelewa. Na wewe na mayai, nakujua. Ukiligusa hili, utaniona."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Mimi na mayai tulikuwa na historia. Lakini nilijua Mama anataka nini. Tangu wiki iliyotangulia alikuwa akimtoa kuku kwenye friji na kumrudisha, mmoja wa kuku wa rabai, yaani mwalimu wetu wa dini, kuku waliochinjwa kwa sheria yetu, tuliokuwa tukiwafuata ng'ambo ya pili ya mji wakiwa wameganda chuma. Alitafuta ndizi mbichi soko zima akazipata. Alitaka kupika machalari ya kuku na uwatu, ndizi za kwao na uwatu, kiungo cha Yemen cha kina Bibi, katika sufuria moja, na Ijumaa jioni, kibandani, mbele ya wageni wote, Bibi ale. Hakuwa na ombi jingine duniani, Mama yangu. Alimwambia Mama Salha, nami nikasikia: "Akila siku moja tu, dada, mimi nimefika."

Bibi aliingia Jumatano jua linakaribia kuzama, amechoka, miguu imevimba, kanga yenye sufuria iko mapajani. Akakaribishwa chakula. Akasema ameshiba safari. Safari haishibishi mtu, lakini nani angembishia? Akalala.

Alhamisi alfajiri niliamka kwenda kunywa maji. Bibi alikuwa jikoni peke yake, amekaa kwenye kigoda, amenipa mgongo, na mkononi ana kitu cheupe. Aliposikia hatua zangu akageuka nusu. Maganda yalikuwa kwenye kiganja chake. Nikarudi kitandani bila kunywa maji. Wenzangu mnajua tulivyolelewa: mtoto hamsemi mkubwa. Hata ungemkuta mkubwa ameshika mwezi ameuficha kwapani, ungesalimia, ukapita.

Siku nzima ya Alhamisi Mama hakukagua kikombe, alikuwa anapanda na kushuka na masahani. Bibi alijipikia viazi katika sufuria yake, akala kibandani ametulia, akausifu mwezi. Mimi sikuweza kumeza kitu. Daudi alidhani naumwa.

Ijumaa kabla ya adhuhuri, Mama akafunga kanga kiunoni aanze. Kuku tayari, ndizi zimemenywa, jiko la gesi linawaka chini chini tangu Jumatano. Akanyanyua mkono rafuni. Mkate upo. Kikombe kitupu.

Alikiinamisha kikombe, akakitazama ndani, akatazama chini ya kitambaa, kisha akageuka taratibu akanitazama mimi. Baba naye akanitazama. Daudi, kaka yangu wa damu, akasema, "Nilisema mimi huyu anaumwa tumbo."

"Umelila?" Mama akauliza.

"Sijalila, Mama."

"Nani basi? Limeota miguu?"

Nikaanza kulia. Mama Salha akasikia, akaingia bila kubisha hodi kama kawaida yake, akaelezwa. "Yai?" akasema. "Makubwa haya! Ninayo mayai kumi ya mchuzi kwangu, yamechemka, chukueni hata matano." Baba akamweleza kwamba lazima liwe limewekwa kabla ya sikukuu, sasa limechelewa. "Basi nipeni huyo kuku nimpike mimi." Haiwezekani pia, kwa kuwa jiko lake ni la chakula chake. Mama Salha akakaa. "Wallahi dini yenu ina mahakama," akasema, lakini kwa huruma, maana aliona uso wa Mama.

Mama aliketi sakafuni karibu na ndizi zake. "Atakula mkate mkavu na matango," alisema, sauti haina nguvu. "Ameruka bahari yote ile aje aone kwamba alikuwa anasema kweli juu yangu." Kisha kwangu, bila hasira: "Ungeniomba jingine, mwanangu. Ningekuchemshia matatu." Nililia zaidi kwa maneno hayo kuliko ambavyo ningelia kwa fimbo.

Bibi alikuwa mlangoni. Sijui alikuwa amesimama pale tangu lini. Alishika mwimo wa mlango, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga, akaivaa tena.

"Mwacheni mtoto," alisema. "Yai nimelila mimi."

Kuku alikuwa anadondosha maji kwenye beseni.

"Jana alfajiri. Njaa ilinishika tangu juzi. Nikaona yai kikombeni, ganda lake zima, nikasema hili mkono wa mtu haujalifikia ndani."

"Lakini Mama," Baba alisema, "yai peke yake kwenye kikombe, alfajiri ya Vibanda, Ijumaa inakuja, wewe hukufikiri ni la Sabato? Wewe?"

"Ningefikiriaje?" Bibi alisema. Hakumtazama Baba, alimtazama Mama. "Nilidhani humu ndani hakuna anayelijua."

Mama alifuta mikono yake kwenye kanga, mikono mikavu kabisa. "Naliweka kila linapotakiwa, Mama," alisema. "Tangu niolewe."

Mama Salha hakuweza kunyamaza, hajaumbwa hivyo. "Mwenye njaa hana miiko, bi mkubwa," alisema. "Wala usihuzunike, yai tu." Bibi akamkubalia kwa kichwa, akaja akakaa kwenye kigoda kile kile, akanivuta akaniweka kati ya magoti yake, akanifuta machozi kwa nguvu kama anafuta meza. Halafu akamuuliza Baba, kwa sauti ya mtu aliyerudi kazini:

"Huyo rabai wenu wa ng'ambo ya mji, huliweka yai lake kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili ya mji mzima," Baba alisema, na hapo hapo uso wake ukaanza kufunguka. "Mwaka Mpya wetu juzi, nao ulikuwa Alhamisi na Ijumaa, mimi mwenyewe alinishikisha yai niliinue kwa niaba ya mji. Hufanya hivyo kila mara. Kwa aliyepotelewa."

"Sisi tumepotelewa au tumezembea?"

"Tumepotelewa."

"Na tunakaa mji huu?"

"Tunakaa, Mama."

"Basi tumo," Bibi alisema. "Tumo ndani ya yai lake." Akamgeukia Mama. "Pika, mwanangu. Jua halikungoji."

Mama hakulia hata hapo. Aliinuka tu, haraka, akampa jiko uso na sisi mgongo, akakoroga sufuria ambayo bado ilikuwa haina kitu. Bibi akamwacha akoroge kidogo, kisha akauliza uwatu anautia lini. Mama akasema mwisho. Bibi akasema uwatu unatangulia. Mama akasema kwake unakuja mwisho. Mabishano hayo yaliendelea mpaka sufuria ikafunikwa, na Mama Salha alipotoka alikuwa anacheka peke yake ngazini.

Jioni ile tulikaa kibandani, mwezi umetoboa majani, taa za karatasi za Wachina zinawaka kwenye mapaa ya jirani, mishumaa yetu inayumba karibu na herufi za Dar es Salaam. Bibi akapakuliwa. Mama alikuwa amesimama na mwiko, hajui auweke au aushike. Bibi akala tonge la kwanza, akala la pili, akaendelea mpaka sahani ikabaki mfupa. Akajifuta mdomo.

"Uwatu ungetangulia," alisema. Akasogeza sahani aongezewe.

Alipoondoka mwisho wa mwezi, Baba alimfungia begi, akamkimbilia mlangoni ameshika ile sufuria. "Mama, umesahau hii." Bibi akavaa viatu vyake bila kuinua kichwa. "Sijasahau kitu," alisema. Sufuria ikabaki Xiaobei. Na tangu mwaka ule Mama akawa anachemsha mayai mawili, moja la Sabato, la pili analiweka wazi mezani na chumvi pembeni, kwa yeyote mwenye njaa anayeona haya kusema.

Bibi ametangulia mbele ya haki. Baba na Mama wamerudi Arusha, na sufuria walirudi nayo. Mama Salha yuko Unguja ana wajukuu anaowakaripia kwa majina kamili. Nyinyi mlionifungia zipu mmetawanyika, mmoja Lubumbashi, mmoja Mombasa, wengine sijui. Dengfeng siku hizi unapita bila kusukumwa. Wanaoanza biashara sasa wanasimama mbele ya taa na simu wanauza viatu bila kuvigusa, na ukitaka yai, linaletwa mlangoni na kijana wa pikipiki kabla maji hayajachemka. Ni raha, sikatai, naagiza na mimi. Ila hakuna anayekukaripia dirishani tena.

Mwaka juzi Vibanda iliangukia tena Alhamisi. Kaka yangu Daudi amemwoa Mei, binti wa hapa hapa Guangzhou, wa mtaa nyuma ya Shisanhang, ambaye naye ameifuata dini yetu kwa kusoma na kujaribiwa. Mama akasema anakuja. Tulikwenda kumpokea mimi na Mei, na alipotokea pale uwanja wa ndege, mzee, mfupi kuliko nilivyomwacha, nikaona amekumbatia kitu kilichofungwa kwenye kanga. Nikakijua kwa umbo lake. Mei naye akakijua, kwa kuwa hadithi hii nimemhadithia mara nyingi. Njia nzima alikitazama.

Tulifika kabla jua halijazama. Mei alikuwa amekwisha andaa, yai moja kikombeni, jingine mezani na chumvi. Mama akapita sebuleni bila kuketi, akaingia jikoni, akafungua kanga. Sufuria ya Bibi, imesuguliwa mpaka inang'aa. Akaiweka juu ya jiko la Mei, akaigeuza mpaka mpini wake ukaelekea upande wa Mei.

"Hii yako, mwanangu," alisema. "Na uwatu unatangulia."

Kisha akavuta kiti, akalichukua yai la mezani, akaligonga ukingoni, akaanza kulimenya, maana alikuwa na njaa.